Kichwa cha mguu: foili ishikwe vipi kwenye ubao wa tanga

Mazungumzo ya foili karibu yote huishia kwenye mabawa. Bawa la mbele liwe na ukubwa gani, la nyuma lilazwe nyuzi ngapi, kaboni inaizidi aluminiamu kwa kiasi gani. Ni mazungumzo matamu na mimi huyafurahia. Lakini mtu akinijia na ubao wake wa tanga akitaka kuuwekea foili kwa mara ya kwanza, ninachomwomba kwanza ni tuugeuze tumbo juu, tukitazame kile kisanduku cha pezi kilichoko tezini, yaani sehemu ya nyuma. Mzigo wote unapita hapo. Bawa lisilokufaa litakuchelewesha tu, ila kiungo kisichofaa kitakupasulia ubao ukiwa mbali na ufuo.

Kwa wasioufahamu mchezo huu: ubao wa tanga ni ule ambao mtu husimama juu yake ameshika tanga lililofungwa kwa kiungo kinachoyumba pande zote. Chini yake, upande wa tezi, kuna pezi. Ukiliondoa pezi na kuweka foili, unapata nguzo ndefu inayoshuka majini, na chini ya nguzo mwili mwembamba wenye bawa mbele na bawa dogo nyuma. Nguzo hiyo nitaiita mguu, isije ikachanganywa na mlingoti wa tanga. Mwendo ukitosha, bawa la mbele huinua kila kitu, mtu na tanga lake, na ubao ukaacha kabisa kugusa maji. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, mashindano ya mbao za tanga, yaliyofanyika baharini Marseille, yalikuwa ya foili kwa mara ya kwanza, kwa vifaa vya daraja la iQFOiL: ubao wenye upana wa sm 95 na mguu wa sm 95. Hadi Tokyo, Olimpiki ilikuwa bado ikitumia RS:X, ubao wa pezi.

Mimi nasafiri kwenye hori la Kilifi, na hori lenyewe ndilo lililonipeleka kwenye foili. Ndani ya miamba ya Nyali au Diani maji ya bamvu, yale ya kujaa na kupwa kwingi, hupwa zaidi ya mita 3, na unabaki na kina cha magoti juu ya mwani na matumbawe. Mguu wa karibu mita moja hauna kazi hapo mpaka maji yajae. Hori la Kilifi lina kina cha kutosha saa zote katikati yake, na mawimbi ya nje hayaingii. Halafu kuna maleleji, ile miezi ya katikati ambapo kusi imelegea na kaskazi haijaamka. Kwa upepo wa noti 10, ubao wa pezi hulala tu majini hata ukiubebesha tanga kubwa. Wa foili hupaa.

Sasa tuzitazame nguvu zenyewe, kwa sababu bila kuzijua, kuchagua kiungo ni kubahatisha. Chukua mtu wa kilo 80. Pamoja na ubao, tanga na foili, jumla inakaribia kilo 105. Ukiwa hewani, uzito huo wote unabebwa na mabawa, na unapanda kwenye ubao kupitia mguu mmoja. Bawa la mbele halikai chini ya mguu kabisa. Liko mbele yake, tuseme sm 30. Kilo 100 kwenye wenzo wa sm 30 ni karibu nyutoni-mita 300, zinazotaka kuinua omo, yaani pua ya ubao, na kukivuta kichwa cha mguu kitoke kwa upande wake wa nyuma.

Kisha kuna tanga. Likivuta kuelekea demani, upande upepo unakokwenda, kwa nguvu ya kilo 30, foili lazima ijibu kwa nguvu ileile kuelekea joshini, upande upepo unakotoka, na jibu hilo hutokea mbali chini ya tumbo la ubao, sm 60 au zaidi. Hapo una nyutoni-mita 180 za kuupinda mguu kwa ubavu. Linganisha na pezi: kwa tanga lilelile, nguvu ya pezi hukaa kama sm 20 tu chini ya ubao, kwa hiyo mpindo ni nyutoni-mita 60. Na pezi halina kile cha kwanza kabisa, halibebi uzito wa mtu. Kisanduku kilichotengenezwa kwa ajili ya pezi, hata kiwe kizuri vipi, kinaletewa mzigo wa ubavu mara tatu ya ule kilichozoea, pamoja na mzigo wa kusukumwa juu ambao hakikuwahi kuuona.

Nguvu za ubavu zinafika wapi? Kichwa cha mguu kikiwa kimezama sm 7 ndani ya ubao, hakipingi kwa sm zote 7, kwa sababu mgandamizo huenea kwenye ukuta. Chukua sm 5. Gawa nyutoni-mita 180 kwa sm 5 upate nyutoni 3,600, yaani kama kilo 360 zinazosukuma ukuta mmoja karibu na uso wa juu, na nyingine kama hizo zikisukuma ukuta wa pili karibu na tumbo. Punguza kina hicho kwa nusu, mzigo unakuwa maradufu. Ndiyo maana kina cha kisanduku, jambo ambalo muuzaji hulitaja mwisho, mimi huliulizia mwanzo.

Kwa mbao za tanga kuna njia tatu ambazo mtu atakutana nazo: kisanduku cha Tuttle, hasa kile cha kina kirefu, kisanduku cha Powerbox, na bamba linalofungwa kwenye reli mbili.

Tuttle limepewa jina la Larry Tuttle, mtengenezaji wa mapezi wa Santa Cruz, California. Kichwa chake kimechongwa kikawa chembamba kuelekea juu, ncha za mbele na nyuma zikiwa zimelala, na bolti mbili hushuka kutoka uso wa juu wa ubao na kukivuta ndani. Uzuri wake ni ule wa mpini wa jembe wenye kichwa kinene: kadiri unavyolima ndivyo unavyozidi kujibana kwenye tundu lake. Hapa bolti hazibebi mzigo wa ubavu. Kazi yao ni kuvuta tu, na zinazobeba ni kuta. Mtu akielewa hilo ataacha kuuliza bolti nene kiasi gani na ataanza kuuliza kuta zimegusana kiasi gani.

Ila kujibana huko kuna hatari yake kwenye foili. Pezi halikisukumi kichwa chake juu. Foili hukisukuma, kilo 100 zikiwa zimetulia, na zaidi ya hizo kila ubao unapoanguka kutoka hewani na kuinuka tena. Kichwa chenye ncha zilizolala kikisukumwa juu namna hiyo kinakuwa kabari, na kabari kazi yake ni kupasua. Nimeona ubao wa zamani wa mbio, mwepesi, wenye Tuttle ya kina kirefu, uliochanika kisandukuni kutoka ncha ya mbele mpaka karibu na mikanda ya miguu. Ulikuwa ubao mzuri sana, na haukuwa na kosa, maana ulijengwa kwa ajili ya pezi. Watengenezaji walipoliona jambo hili walianza kujenga visanduku vya foili vyenye paa bapa ndani, na kampuni ya Starboard wakatoa kichwa ambacho ncha zake hazikulala kabisa. Kichwa kinafika kwenye paa na kusimama hapo, na mzigo wa kwenda juu unamwagika kwenye paa badala ya kupanua kuta. Kwenye mbao hizo kisanduku kimeunganishwa na uso wa juu wa ubao, na pembeni yake kuna povu gumu na tabaka za kaboni. Kwa hiyo ukikuta ubao uliotumika unauzwa Mombasa na mwenyewe anakwambia una Tuttle ya kina, swali linalofuata ni kama umejengwa kwa foili. Ubao wa foili kwa kawaida huandikwa hivyo waziwazi. Usipoyaona maandishi hayo, uhesabu kuwa ni wa pezi.

Powerbox nitaipitia haraka. Ni kisanduku kifupi, kina chake ni kidogo, na bolti ni moja tu. Kwa pezi la ubao wa kutembelea inatosha kabisa. Kwa foili, bolti moja haiwezi kupinga ule mpindo wa mbele na nyuma. Unaachiwa ncha za kisanduku peke yake. Wapo waliouza miguu ya foili yenye kichwa hicho, na zipo adapta za kutoka kichwa kimoja kwenda kingine. Adapta inaongeza kiungo juu ya kiungo, na kila kiungo kina mchezo wake mdogo ambao kwenye mguu wa sm 90 unageuka mtikisiko mkubwa kule chini. Kwa mtoto mwepesi, tanga dogo na mguu mfupi, pengine. Kwa mtu mzima mwenye tanga la mita za mraba 7, sitamshauri.

Bamba ni mawazo tofauti kabisa. Mguu unaishia juu kwa bamba lenye matundu manne, nalo linakaa bapa kwenye tumbo la ubao. Ndani ya tumbo kuna reli mbili sambamba, katikati ya moja hadi katikati ya nyingine ni mm 90, na nati zenye umbo la herufi T huteleza ndani yake. Matundu ya bamba yako kwenye mstatili wa mm 165 kwa 90, na bolti ni M8, yaani zenye unene wa mm 8. Hapa bolti ndizo zinazobeba, lakini tazama hesabu inavyobadilika. Ule mpindo wa ubavu wa nyutoni-mita 180 sasa unapingwa na upana wa mm 90: nyutoni 2,000, zikigawanywa kwa bolti mbili. Wa mbele na nyuma, nyutoni-mita 300 kwa mm 165, ni kama nyutoni 1,800, nazo zinagawanywa kwa mbili. Bolti iliyoko pabaya kuliko zote inavutwa kwa takribani nyutoni 1,900, ukiacha zile za kukazia. Bolti ya M8 ya chuma cha pua cha A4-70 hukatika kwa zaidi ya nyutoni 25,000. Hivyo bolti haitakatika. Kitakachoshindwa ni midomo ya reli, au kile ambacho reli imeshikizwa nacho.

Faida kubwa ya reli kwa mwenye tanga ni kuteleza. Kwenye Tuttle, mguu uko pale ulipowekwa kiwandani, basi. Ukitaka kusogeza nguvu ya kuinua unahamisha kitako cha mlingoti, unabadilisha mwili wa foili kuwa mrefu zaidi, au unahamisha miguu yako mwenyewe. Kwenye reli unalegeza bolti nne, unasukuma foili mbele kidogo kwa siku ya upepo mdogo, unairudisha nyuma kusi ikikaza na ubao ukaanza kupandisha omo wenyewe. Sentimita moja tu unaihisi kwenye mguu wako mwenyewe wa nyuma mara moja. Wanaojifunza hunufaika nalo mno, kwa sababu uzito na namna ya kusimama ya kila mtu ni yake. Tena wale wanaoshika bawa la kupuliza mkononi, ambao wamezidi kuongezeka kwenye fukwe zetu, wanatumia reli hizohizo. Nyumba yenye watu wawili, mmoja wa tanga na mmoja wa bawa, inaweza kuwa na foili moja.

Tatizo linakuja kwa mwenye ubao wa zamani asiye na reli. Nililipeleka swali hili kwa mzee mmoja wa Kilifi, fundi wa faiba, ambaye maisha yake yote ametengeneza boti. Nilimwonyesha ubao wa Powerbox nikamwambia, mzee, nataka reli mbili hapa, mbele ya kisanduku. Hakuuliza reli zenyewe zimetengenezwa na nini. Aligonga tumbo kwa kiungo cha kidole, akasikiliza, akaniuliza, “Mwanangu, hizo reli ndani zitashika nini?”

Hilo ndilo swali lote. Mbao za kisasa za tanga ndani ni povu jeupe jepesi la polistirini, lile la maboksi ya samaki ila lililobanwa zaidi. Juu yake ni ngozi nyembamba ya faiba au kaboni. Povu hilo halishiki kitu. Ukichimba mfereji wa reli ukaumwagia gundi, umeziunganisha reli na ngozi ya tumbo peke yake, na ngozi itanyofoka na reli zake. Kazi sahihi ni kukata dirisha kwenye tumbo, kulitoa povu laini lote mpaka ufike upande wa ndani wa uso wa juu, na kuingiza bonge la povu gumu la PVC lililogundishwa pande zote, juu hasa. Mzigo sasa unashuka kutoka unaposimama wewe, unapita kwenye bonge, unafika kwenye reli. Ndipo uchimbe mifereji, uzilaze reli kwenye epoksi iliyotiwa unga wa kuifanya iwe nzito, kisha ufunike kwa tabaka za faiba, kila tabaka ikivuka ile ya chini yake kwa vidole viwili hivi, ili mwisho wa ugumu usiwe mstari mmoja wa kuvunjikia.

Hapa kuna jambo ambalo lazima lisemwe kwa mafundi wetu, ambao ustadi wao wa faiba ni mkubwa lakini umelelewa kwenye boti. Resini ya kawaida ya boti ni poliesta, na poliesta ina stairini ndani yake. Stairini huyeyusha povu la polistirini. Ukiimwaga kwenye dirisha hilo, shimo litajikuza lenyewe mbele ya macho yako. Ni epoksi peke yake inayofaa, ingawa bei yake iko juu na inataka vipimo halisi vya mchanganyiko. Mzee yule alilijua hilo kabla sijalisema, na nikamwamini zaidi.

Tulipiga hesabu ya povu gumu, epoksi, reli na siku zake za kazi. Kwa ubao ule, ambao tezi yake ni nyembamba na haukuwahi kukusudiwa kupaa, sikuona sababu ya kuukata. Foili inapenda ubao mpana nyuma, kwa sababu upana ndio unaokupa wenzo wa kuushinda ule mpindo wa tanga kwa miguu yako. Reli nzuri kwenye tezi nyembamba hazikupi upana huo.

Nikachagua Tuttle ya kina, kwenye ubao mwingine uliotumika, mpana, uliojengwa kwa foili. Sababu yangu kuu ni tanga. Mwenye bawa la mkononi hubeba mzigo mdogo wa ubavu na hupenda kusogezasogeza foili, na kwake reli ni jibu zuri. Mimi nasafiri na tanga kubwa kwenye upepo mdogo, nimeegemea joshini, na nguvu nyingi zinapita kwa ubavu. Nataka kichwa kilichozama ndani kabisa ya ubao, na kuta ndefu pande zote mbili. Pia nataka kisanduku kimoja ambacho leo kina foili na kesho kina pezi. Kuteleza kwa reli nakukosa, kweli, hasa ninapomwazima ubao mtu mzito kuliko mimi.

Kichwa chenyewe hakikukaa vizuri mara ya kwanza, jambo la kawaida pale mguu na ubao vinapotoka viwanda tofauti. Kipimo chake ni rahisi: paka ukuta wa kisanduku chaki, ingiza kichwa, kaza kwa mkono, kitoe. Chaki ikihamia kwenye madoa mawili matatu tu, kichwa kinabebwa na madoa hayo, na zile kilo 360 zote zinakaa hapo. Unapiga msasa kidogo palipo na doa, kwenye kichwa na kamwe si kwenye kisanduku, unarudia, mpaka chaki ienee. Kikiwa kimelegea badala ya kubana, unakijaza kwa epoksi na unga, kisandukuni ukiwa umetandika plastiki nyembamba iliyopakwa nta ili kisigande. Ni kazi ya subira, nami naipenda sana. Siku kuta zinapogusana zote, unaushika mguu ukiwa kwenye mchanga, unautikisa, na ubao mzima unafuata bila mlio wowote.

Bolti nazo zisinunuliwe ovyo. Kwenye maduka ya vyuma utauziwa bolti ing’aayo ukiambiwa haishiki kutu. Tazama kichwa chake: A4 ndicho chuma cha kukaa na maji ya chumvi, A2 kitaanza kutoa madoa ya kahawia. Sumaku haitakusaidia kuvitofautisha, kwa hiyo soma maandishi, na yasipokuwepo acha. Kichwa cha aluminiamu kikikaa na bolti ya chuma cha pua ndani ya chumvi, aluminiamu huliwa na vitu hivyo viwili vikashikana visitengane tena. Aluminiamu na kaboni vivyo hivyo. Paka grisi nzito ya baharini kwenye nyuzi za bolti, na usiache foili ndani ya ubao kwa wiki nzima eti utarudi Jumamosi. Fungua kila unapotoka majini, suuza kwa maji baridi ya bomba, kausha. Hakikisha pia raba zilizo chini ya vichwa vya bolti ni nzima, maana matundu yale yanapita ubao mzima, na maji yakiingia kwenye povu ubao unazidi kuwa mzito kila mwezi bila wewe kujua kwa nini hauinuki kama zamani.

Ule wa Powerbox bado ninao, na pezi lake. Kusi ikikaza mwezi wa saba na maji ya nje yakijaa mawimbi, ndio ninaouchukua.